Bima kwa makanisa, misikiti na taasisi za dini: mambo ya kujua pande zote za mpaka

Nyumba ya ibada ikiungua, jambo la kwanza linaloulizwa na waumini ni lini harambee itaitishwa. Hati ya bima hutafutwa baadaye, kama ipo. Mara nyingi ndipo viongozi wanapogundua kuwa hati iliandikwa kwa jina la mtu asiye mmiliki, kuwa thamani iliyotajwa ni ya miaka kumi iliyopita, au kuwa shule na hosteli zilizo nyuma ya kanisa hazikutajwa kabisa.

Bima ya taasisi za dini si aina moja ya bima. Ni mkusanyiko wa bima kadhaa zinazouzwa pamoja au moja moja: moto, wizi, dhima kwa umma, ajali za watumishi, fedha, magari na mizigo. Sababu ni kwamba taasisi ya dini ni zaidi ya nyumba ya sala. Ni mwajiri. Ni mmiliki wa shule, zahanati, ukumbi wa harusi, fremu za maduka na basi la kwaya. Katika eneo la Afrika Mashariki na Kati, nyingi ya taasisi hizo zina matawi katika nchi mbili, tatu au zaidi.

Hoja kuu kwa kiongozi au mweka hazina ni hii: bima ya nyumba ya ibada hulipa pale tu mambo manne yanapolingana na hali halisi, yaani jina la mmiliki, thamani ya mali, shughuli zinazofanyika na nchi ambako mali ipo. Moja likikosewa, ada iliyolipwa kwa miaka mingi inaweza kupotea.

Ilikoanzia

Bima maalumu ya makanisa ilianza kwa hofu ya moto. Mwaka 1887 Waingereza walianzisha kampuni ambayo leo inaitwa Ecclesiastical Insurance, kwa ajili ya kuyakinga majengo ya Kanisa la Anglikana dhidi ya moto. Miaka 10 baadaye, mwaka 1897, Walutheri wa mji mdogo wa Merrill, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, walianzisha Church Mutual kwa mfumo wa ushirika, ambao wenye bima ndio wenye kampuni.

Afrika Mashariki nayo ililijua janga hilo mapema. Septemba 1910 radi ilipiga kanisa kuu la matofali la Namirembe, Kampala, likateketea. Jengo linaloonekana leo juu ya kilima hicho lilikamilika mwaka 1919.

Wapo wanaouliza kwa nini kanisa lihitaji bima ilhali hata Notre-Dame ya Paris, iliyoungua Aprili 15, 2019, haikuwa na bima ya kampuni. Jibu ni kwamba jengo lile ni mali ya serikali ya Ufaransa, ambayo hubeba hasara zake yenyewe, na michango ya mamia ya mamilioni ya euro ilitoka pembe zote za dunia hadi likafunguliwa tena Desemba 2024. Dayosisi ya kawaida haina hazina ya serikali nyuma yake, wala usharika wa kijijini hauna wafadhili wa kiwango hicho.

Jina lililo kwenye hati

Kanuni ya kwanza ya bima ni kwamba anayekata bima lazima awe na maslahi katika mali hiyo, yaani mtu ambaye mali ikiharibika yeye ndiye anayepata hasara. Kwa nyumba ya ibada, mtu huyo kisheria si mchungaji, padri, imamu wala mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Tanzania, mali za taasisi za dini kwa kawaida hushikwa na Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Kenya, makanisa mengi yamesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, na ardhi hushikwa na wadhamini. Mali za wakfu zina utaratibu wake: Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya wapo Makamishna wa Wakfu. Hati ya bima ifuate jina lililo kwenye hati ya kiwanja.

Tofauti hii huonekana ndogo hadi siku ya dai. Mchungaji aliyekata bima kwa jina lake, na baadaye akahamishwa kituo, huacha hati ambayo kampuni ina haki ya kuihoji. Hali huwa mbaya zaidi kanisa linapogawanyika na pande mbili zikadai jengo moja. Kampuni haiwezi kuchagua askofu halali ni yupi. Itasubiri mahakama, na fidia itasubiri pamoja nayo.

Kwa waumini wanaosali katika ukumbi wa kupanga, mgawanyo ni rahisi: mwenye jengo hukatia bima jengo, na wapangaji hukatia bima vyombo vyao pamoja na dhima yao kwa watu wanaoingia humo.

Jengo na vilivyomo

Bima ya msingi ya moto hujumuisha moto na radi. Mengine huongezwa kwa makubaliano na kwa ada ya ziada: upepo mkali, mafuriko, bomba kupasuka, gari kugonga ukuta, tetemeko la ardhi, fujo na migomo. Mwenye hati inayosema moto tu asitarajie kulipwa pale mabati yanapong'olewa na dhoruba.

Katika eneo la Maziwa Makuu nyongeza hizi si za anasa. Machi 10, 2018 radi ilipiga kanisa la Waadventista wilayani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, ikaua watu wasiopungua 16. Februari 3, 2008 tetemeko lililopiga eneo la Bukavu na Rusizi lilitokea siku ya Jumapili asubuhi, na waumini waliokuwa kanisani upande wa Rwanda walikuwa miongoni mwa waliokufa. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilibomoa nyumba na kuharibu shule mkoani Kagera. Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo iliingia katikati ya Goma na kuliharibu kanisa kuu la Katoliki la mji huo. Anayejenga Bukoba, Bukavu au Goma na kununua hati isiyotaja tetemeko au volkano ameacha nje hatari inayojulikana zaidi mahali hapo.

Vilivyomo ndani huandikwa kwa orodha. Vyombo vya muziki, spika, mikisa, kompyuta, projekta, jenereta na paneli za sola ndivyo huibwa zaidi, na ndivyo husahaulika zaidi kwenye orodha. Bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, dirisha lililokatwa, ukuta uliotobolewa. Kinanda kilichotoweka wakati wa mkesha, milango ikiwa wazi, hakilipwi na hati ya kawaida. Vyombo vinavyosafirishwa kwenda kwenye mikutano ya nje vinahitaji bima ya hatari zote, inayofuata chombo popote kilipo.

Liko pia tatizo la majengo yasiyokwisha. Makanisa na misikiti mingi hujengwa kwa awamu kwa miaka kadhaa, huku ibada zikiendelea chini ya paa ambalo bado lina nguzo za miti. Jengo la aina hiyo halifai bima ya kawaida ya moto. Linahitaji bima ya ujenzi, inayomkinga mkandarasi na mmiliki kwa pamoja, na kampuni lazima iambiwe kuwa watu wanaingia humo wakati kazi ikiendelea.

Thamani pungufu

Kipengele kinachowashangaza wengi ni kile cha uwiano. Maana yake ni kwamba mkata bima aliyetaja thamani ndogo kuliko halisi huhesabiwa kuwa ameamua kubeba sehemu ya hasara yeye mwenyewe.

Mfano: kujenga upya kanisa fulani kunagharimu Sh400 milioni, lakini kamati imekata bima ya Sh200 milioni ili kupunguza ada. Moto unaunguza paa na madhabahu, hasara ni Sh100 milioni. Kamati inatarajia kulipwa zote, kwa kuwa ni chini ya Sh200 milioni. Kampuni italipa nusu, Sh50 milioni, kwa sababu bima ilikuwa nusu ya thamani. Kutoka hapo itatolewa pia eksesi, yaani kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkata bima hubeba mwenyewe.

Sasa tazama kilichookolewa. Tuseme kiwango cha ada ni asilimia 0.2 kwa mwaka. Ada ya Sh400 milioni ingekuwa Sh800,000, na ya Sh200 milioni ni Sh400,000. Tanzania, ambako bima za mali hutozwa VAT ya asilimia 18, ni Sh944,000 dhidi ya Sh472,000. Kamati iliokoa chini ya nusu milioni kwa mwaka, ikapoteza Sh50 milioni kwa usiku mmoja.

Thamani inayotakiwa ni gharama ya kujenga upya leo, si bei ya kuuza wala gharama iliyotumika zamani. Bei ya kiwanja haimo, kwa kuwa ardhi haiungui. Zinazosahaulika ni gharama za kuondoa kifusi na malipo ya msanifu na mkadiriaji majengo. Ambako nondo, mabati, vioo na nyaya hutoka nje, shilingi au faranga ikishuka dhidi ya dola thamani ya bima nayo hupungua bila mtu kugusa hati. Ni vyema thamani ipitiwe kila mwaka kabla ya kuhuisha bima.

Fujo na ugaidi

Hati ya kawaida ya mali haijumuishi vita, vita vya wenyewe kwa wenyewe wala ugaidi. Fujo na migomo vinaweza kuongezwa. Lakini mstari kati ya fujo za mtaani na ghasia za kisiasa ni mwembamba, na hapo ndipo migogoro mingi ya madai huanzia.

Historia ya karibuni inaonyesha uzito wa jambo hili. Julai 1, 2012 makanisa mawili mjini Garissa, Kenya, yalishambuliwa na watu 17 wakauawa. Oktoba mwaka huohuo makanisa kadhaa ya Mbagala, Dar es Salaam, yalivamiwa na kuchomwa moto. Mei 5, 2013 bomu lilirushwa katika uzinduzi wa parokia ya Olasiti, Arusha, likaua watatu na kujeruhi makumi. Januari 15, 2023 bomu liliua zaidi ya watu 10 katika kanisa la Kipentekoste mjini Kasindi, kituo cha mpakani kinachojulikana kwa wafanyabiashara wote wanaopita kati ya Uganda na Kongo.

Kinga kwa matukio ya namna hiyo huuzwa kama bima tofauti ya machafuko ya kisiasa na ugaidi. Soko lake Kenya lilikua hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara wengi walipogundua kuwa hati zao hazikuwa na kinga hiyo. Shirika la ATIDI lenye makao makuu Nairobi, lililoanzishwa mwaka 2001 likijulikana kama ATI, ni miongoni mwa taasisi zinazobeba hatari hizo kwa kushirikiana na kampuni za ndani. Bima hii ina bei, na katika maeneo yenye vita huweza kukosekana kabisa. Lakini kanisa lililo mji wa mpakani linapaswa angalau kuuliza, na kupata jibu kwa maandishi.

Watu waliomo ndani

Jengo lina thamani inayojulikana. Dhima kwa watu haina mwisho unaojulikana, na ndiyo inayoachwa nje zaidi.

Februari 1, 2020, mkanyagano ulitokea katika ibada ya hadhara kwenye uwanja mjini Moshi, watu 20 wakafa. Septemba 12, 2014 jengo la wageni la kanisa moja mjini Lagos, Nigeria, liliporomoka na kuua watu 116, wengi wao raia wa Afrika Kusini waliokwenda kuhudhuria ibada. Tukio la Lagos ni funzo kwa kila taasisi inayopokea wageni kutoka nje: waathirika, ndugu zao na mawakili wao walikuwa katika nchi nyingine.

Bima ya dhima kwa umma hulipa pale taasisi inapopatikana na kosa la uzembe lililosababisha mtu kuumia, kufa au mali yake kuharibika. Hulipa pia gharama za wakili wa utetezi, kwa masharti ya hati. Kenya, Sheria ya Dhima ya Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, inamtaka mwenye kudhibiti jengo kuchukua tahadhari ya kutosha kwa usalama wa wageni wake. Mwumini aliyeketi kwenye benchi ni mgeni kwa maana hiyo.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni kikomo. Hati yenye kikomo cha Sh50 milioni kwa tukio inaonekana kubwa hadi tukio liwe na waathirika 20, ambapo kila mmoja hupata Sh2.5 milioni. Pili, hati nyingi hutaja anuani ya jengo. Mkutano wa injili uwanjani, maulid ya hadhara, ubatizo mtoni na kambi ya vijana ziwani havimo mpaka vitajwe.

Shule na hospitali za dini zina dhima zake. Daktari wa hospitali ya misheni anahitaji bima ya dhima ya kitaaluma. Bweni la wanafunzi linahitaji kutajwa kwa jina, kwa kuwa hatari ya moto katika bweni ni kubwa kuliko ya kanisa lenyewe.

Suala la unyanyasaji wa watoto nalo limebadilisha soko hili duniani. Nchini Marekani dayosisi nyingi za Katoliki zimeomba kinga ya ufilisi kwa sababu ya madai ya miaka mingi iliyopita, na zimeshindana mahakamani na kampuni zao za bima kuhusu nani alipe. Hati zilizokatwa miongo kadhaa nyuma zimegeuka kuwa mali, kwa sababu baadhi ya hati hulipa kwa kuangalia mwaka tukio lilipotokea, si mwaka dai lilipoletwa. Funzo kwa ofisi za dini za huku ni rahisi: hati za bima za zamani zisichomwe wala kuuzwa kama karatasi za kufungia maandazi. Zitunzwe pamoja na hati za viwanja.

Watumishi na wanaojitolea

Sheria za kazi haziachi taasisi za dini nje kwa sababu tu kazi yao ni takatifu. Mlinzi, mpishi, dereva, mwalimu na karani wa parokia ni waajiriwa.

Kenya, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, inamtaka mwajiri kukata bima. Fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 ni mapato ya miezi 96. Uganda, sheria ya fidia kwa wafanyakazi huweka fidia ya kifo kuwa mapato ya miezi 60. Tanzania Bara hutumia mfuko mmoja, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri huchangia sehemu ndogo ya mishahara na mfuko hulipa fidia.

Wanaobaki nje ya mipango hii yote ni wanaojitolea: wanakwaya, walimu wa shule ya Jumapili, walimu wa madrasa wasio na mshahara, mafundi wanaopanda paa kwa ajili ya thawabu. Kwao ipo bima ya ajali ya kundi, ambayo hulipa kiasi kilichokubaliwa bila kutafuta nani mwenye kosa. Mara nyingi ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote katika mkusanyiko huu.

Sadaka na uaminifu

Fedha taslimu zina bima yake, inayogawanyika sehemu tatu: zikiwa mikononi baada ya ibada, zikiwa kwenye sefu na zikiwa njiani kwenda benki. Kila sehemu ina kikomo chake. Masharti ya kawaida ni kuwa fedha zihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja, zisafirishwe na zaidi ya mtu mmoja, na sefu ifungwe. Sadaka ya Pasaka iliyolala kwenye droo hailipwi.

Sadaka zinazotumwa kwa simu zimepunguza hatari ya majambazi, lakini zimeongeza ile ya ndani. Anayeshika namba ya siri ya akaunti ya kanisa anaweza kuhamisha fedha bila kuvunja mlango. Hatari hiyo hufunikwa na bima ya uaminifu wa watumishi, ambayo kampuni huiuza tu ikiona mfumo wa hesabu: saini mbili, ukaguzi wa mwaka na orodha ya wanaoruhusiwa. Taasisi zinazopokea fedha za wafadhili kutoka nje huombwa bima hii mara nyingi kama sharti la ruzuku.

Hati ya makao makuu haivuki mpaka

Kwa madhehebu yenye matawi katika nchi kadhaa, kosa kubwa ni kudhani kuwa hati iliyokatwa Nairobi, Dar es Salaam au London inalinda pia jengo la Kigali au Bujumbura.

Leseni za bima ni za kitaifa. Kenya, Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu hatari iliyo nchini kukatiwa bima kwa kampuni ya nje bila idhini ya mdhibiti. Tanzania na Uganda zina masharti ya namna hiyo katika sheria zao za 2009 na 2017. Kongo, iliyokuwa na kampuni moja ya serikali, SONAS, ilifungua soko kwa sheria ya Machi 2015, na kampuni binafsi zikaanza kupewa leseni mwaka 2019. Huko nako mali iliyo nchini hukatiwa bima kwa kampuni yenye leseni ya nchini.

Njia inayotumiwa na taasisi kubwa ni kukata hati ya msingi kwa kampuni ya ndani katika kila nchi, kisha kampuni hizo zikapeleka sehemu ya hatari nje kwa bima mtawanyo. Broka mmoja mwenye ofisi katika nchi kadhaa anaweza kuratibu, lakini hati hubaki kuwa moja kwa kila nchi.

Kwa kuthibitisha leseni, wadhibiti ni TIRA kwa Tanzania, IRA kwa Kenya, IRA nyingine kwa Uganda, Benki Kuu (BNR) kwa Rwanda, na ARCA kwa Burundi na kwa Kongo. Majina ya mawili ya mwisho yanafanana lakini ni taasisi mbili tofauti.

Magari yana utaratibu wake. Basi la kwaya linalotoka Mwanza kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA. Mpango huo ulianzishwa kwa itifaki ya 1986, na Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hulipa dhima kwa mtu wa tatu kwa viwango vya sheria ya nchi iliyotembelewa, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Hailipi uharibifu wa basi lenyewe. Kwa hilo, bima kubwa ya gari lazima iongezwe eneo la safari kabla ya kuondoka. Lori la misheni linaloelekea Afrika Kusini lijue kuwa nchi hiyo haimo katika mpango wa Kadi ya Njano.

Mizigo ya misaada nayo ni mizigo. Kontena la vitanda vya hospitali au vitabu kutoka Ulaya huweza kupata msamaha wa kodi, lakini msamaha haulipi likizama au kuibwa. Kenya ilianza kusimamia tangu Januari 1, 2017 sharti la bima ya mizigo inayoingia kukatwa kwa kampuni za nchini. Tanzania nayo, kwa mabadiliko ya mwaka 2022, iliingiza bidhaa zinazoagizwa, masoko ya umma na majengo ya biashara katika orodha ya bima za lazima. Parokia au msikiti wenye fremu za kupangisha barabarani ulizingatie hilo.

Misikiti na takaful

Kwa Waislamu wengi bima ya kawaida ina kikwazo cha riba na cha kubahatisha. Mbadala wake ni takaful, ambayo washiriki huchanga katika mfuko wa kusaidiana, msimamizi hulipwa ujira, na ziada huweza kurudishwa kwa washiriki. Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya aina hiyo, Takaful Insurance of Africa, mwaka 2011.

Kwa kamati ya msikiti, masuala ya jina, thamani, shughuli na nchi yanabaki yaleyale. Mfuko wa takaful nao hutaka mmiliki halali na thamani halisi.

Kwa nini dai hukataliwa

Sababu kubwa ni ada kutolipwa. Kenya na Tanzania kinga huanza ada inapolipwa, si hati inapoandikwa. Ahadi ya kulipa baada ya mavuno au baada ya harambee haimfungi mlipaji fidia. Sababu ya pili ni kuficha au kusahau jambo muhimu: paa la makuti, mishumaa ya usiku kucha, duka la gesi lililo ukuta mmoja na kanisa. Ya tatu ni kuchelewa kutoa taarifa. Ya nne ni kukosa vibali. Rwanda ilifunga zaidi ya makanisa 700 mjini Kigali mapema mwaka 2018, na maelfu ya nyumba za ibada nchini kote mwaka 2024, kwa sababu zilizojumuisha usalama wa majengo. Jengo lisilo na kibali humpa mtathmini wa hasara swali la kwanza la kuuliza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

1. Je, jina la mkata bima ni lile lililo kwenye hati ya kiwanja?

2. Je, thamani ni gharama ya kujenga upya mwaka huu, na nani aliikadiria?

3. Je, majengo yote yametajwa: kanisa au msikiti, nyumba ya mtumishi, shule, bweni, zahanati, fremu?

4. Ni majanga gani yaliyoachwa nje? Tetemeko, mafuriko, fujo na ugaidi yatajwe moja moja.

5. Kikomo cha dhima kwa umma kinatosha watu wangapi siku ya sikukuu, na je, mikutano ya nje imo?

6. Watumishi wameandikishwa wapi, na wanaojitolea wana kinga gani?

7. Je, kampuni ina leseni katika nchi ambako jengo lipo?

8. Kadi ya Njano ya basi inaisha lini, na basi lenyewe lina kinga nje ya nchi?

9. Nani anashika nakala ya hati nje ya jengo lililokatiwa bima? Hati iliyoungulia ndani ya ofisi ya kanisa huchelewesha dai lote.

Majibu yapatikane kwa maandishi, yawekwe kwenye faili la wadhamini, na yapitiwe kila mwaka kabla ya tarehe ya kuhuisha. Harambee ina nafasi yake katika maisha ya waumini, lakini hufika baada ya janga na kiasi chake hakijulikani. Ada ya bima hulipwa kabla, na kiasi chake kinajulikana.